Moshi ni mteremko: ijue juu na chini kabla hujalipa kodi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza sisi tunaoishi katika miji yenye vyuo tumweleze mgeni anayekuja kusoma, au mzazi anayekuja kumtembelea mwanawe, aanzie wapi na aishi vipi. Mimi naishi Moshi. Nilikuja kutoka Singida mwaka 2009 kusoma uhasibu katika chuo cha ushirika, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na nilipomaliza sikuondoka tena. Leo natunza vitabu vya chama cha akiba na mikopo, na nina vyumba viwili vya uani ninavyowapangishia wanafunzi wa kike, kwa hiyo swali lenu nimelijibu kwa mdomo kila mwaka vyuo vinapofunguliwa.

Huanza na jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: Moshi ni mteremko. Mji umekaa kwenye mguu wa Kilimanjaro, kati ya mita 800 na 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanapokuelekeza njia hawakutajii kaskazini wala kusini, wanakuambia panda au shuka. Juu ni Shanty Town, Longuo na hospitali ya KCMC, halafu vijiji vya Uru, Kibosho na Old Moshi vilivyofunikwa na migomba. Chini ni reli, Njoro na Pasua, halafu tambarare ya Mabogini yenye majaruba ya mpunga, mpaka mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Baridi, joto, tope, bei ya ndizi, hata muda wa kufika darasani, vyote hufuata mteremko huo, na mgeni asiyeujua huchagua chumba kwa kutazama rangi ya ukuta.

Ndivyo nilivyofanya mimi. Mwaka wangu wa pili nilitoka bwenini nikapanga chumba katika mtaa mmoja wa chini, kipya, chenye sakafu ya vigae, nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa sababu bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia na mwenye nyumba alinihimiza. Ilikuwa Februari, ardhi imekauka kama chungu. Masika ilipoanza mwezi Machi, maji yote yanayoteremka kutoka juu yalipita uani kwetu, na asubuhi moja niliinua begi la vitabu lililokuwa chini ya kitanda nikakuta daftari za muhula mzima zimeshikana, wino wa bluu umetandaa kwenye kurasa kama ramani. Mwenye nyumba alisema mvua ni ya Mungu. Sikurudishiwa hata shilingi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usilipe kodi kabla hujaitembea njia kwa miguu kutoka getini kwa nyumba hadi mlango wa maktaba yako, ukihesabu dakika, na kabla hujawauliza majirani, si dalali, maji ya Aprili hupita wapi. Tazama ukuta wa nje karibu na msingi: nyumba inayofikiwa na mafuriko huwa na mstari wa udongo hata ikipakwa rangi upya. Uliza kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya chumba chako peke yako au mnachangia, maana hakuna kinachowagombanisha wapangaji kuliko umeme wa kuchangia, hasa mmoja wenu akiwa na jiko la umeme na mwingine ana taa moja. Ukiweza, lipa miezi mitatu kwanza, na risiti uidai hata kama mwenye nyumba ni mtu wa ibada.

Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi asiangalie mahali pengine zaidi ya Longuo na maeneo yanayoizunguka KCMC. Hospitali ile ya rufaa, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina zamu za usiku, na msichana anayetoka wodini saa sita za usiku hapaswi kutafuta bodaboda ya kumshusha mjini. Afahamu pia kwamba anagombea vyumba na ndugu wa wagonjwa wanaotoka mikoa ya mbali, ndiyo maana kodi ya huko haishuki hata vyuo vikifungwa. Wa chuo cha ushirika wana bahati zaidi, kwa kuwa chuo kiko kando ya Barabara ya Sokoine na anayekaa Soweto au karibu na hapo anaweza kutembea. Wa Mweka hawahitaji ushauri wangu wa kupanga, kwa sababu chuo chao cha wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiko mlimani, kama kilomita 14 kutoka mjini. Wao nawaambia jambo moja tu: nunueni sweta mbili na blanketi zito kabla ya kupanda, maana Juni na Julai wingu hulala juu ya paa siku nyingi na nguo hazikauki.

Mitumba mizuri ya baridi hupatikana soko la Memorial. Kwa chakula nenda Mbuyuni, na ukienda, nenda asubuhi, mizigo inaposhuka kutoka vijijini. Hapo ndipo mteremko unaonekana kwa macho: upande huu akina mama wa mlimani na mikungu ya ndizi na majani mabichi, upande ule mchele na nyanya za tambarare. Mgeni hununua ndizi yoyote ya kijani kisha analalamika kwamba mtori wake, supu ile ya ndizi, umekuwa mtamu. Mama mmoja niliyezoea kununua kwake alinifundisha bila maneno mengi. Aliivunja ndizi mshare ncha kwa kidole gumba, utomvu ukachuruzika, akanionyesha nyama yake nyeupe. Kisha akavunja nyingine iliyofanana nayo kabisa kwa nje, ndani imeanza umanjano. "Hii ya pili ni ya kula na chai," alisema. Nilimjibu "aika", ambalo ni neno la asante nililokuwa nimelijua siku hiyohiyo, akaniongezea mbili. Usidhani hata hivyo kwamba Kichaga ni kimoja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo huishia kuzungumza Kiswahili ili waelewane, na salamu utakayojifunza iulize kwanza ni ya wapi.

Kuhusu kusoma kwenyewe nina machache. Kuanzia Januari hadi mwanzo wa Machi joto la mchana hapa mjini ni kali na chumba chenye bati lisilo na dari hakisomeki baada ya saa sita. Amka saa kumi na moja alfajiri. Utasoma saa mbili za utulivu, na kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, utaiona Kibo nzima, mita 5,895, ambayo watalii hukaa siku tatu hotelini wakiisubiri. Chumba kikikushinda, iko Maktaba ya Mkoa, ambayo wanafunzi wengi wa vyuo humaliza miaka mitatu bila kuingia.

Mzazi au rafiki anayekuja kukutembelea, usimzungushe madukani. Kama ana siku moja, mpeleke msitu wa Rau, ulio karibu kiasi cha kufika kwa bajaji, akatazame miti ya msoo inayohitaji watu kadhaa kushikana mikono kuizunguka. Chemka, kwenye chemchemi za kuogelea, ni pazuri, maji yake maangavu kama kioo, ila mwambie mapema kwamba maji hayo si ya moto ingawa watu huziita chemchemi za maji moto, na kwamba Jumapili kuna watu wengi mno.

Lakini kama mgeni ni wewe mwenyewe mwanafunzi, Jumamosi yako ya kwanza ipeleke juu. Panda gari la Uru mpaka mwisho wa njia, kisha shuka kwa miguu, taratibu, ukipita kati ya vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Utaona kahawa imepandwa chini ya migomba, migomba chini ya miti mirefu, na mfereji mwembamba wa maji unaopita ukingoni mwa kila shamba kwa zamu iliyopangwa na wenyewe. Mimi nilikuwa nimesoma darasani kwamba wakulima wa hapa waliunda chama chao mwaka 1925 na kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilisajiliwa mwaka 1933, nikazikariri tarehe hizo kwa ajili ya mtihani. Siku nilipokaa kwenye ukingo wa mfereji Uru nikamsikiliza mzee akieleza nani hufungulia maji Jumanne na nani Alhamisi, na asiyekuja kuzibua hutozwa nini, ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa walikuwa na ushirika kabla ya kuwa na daftari la kuuandika. Mtihani wa mwaka huo niliujibu kwa raha.

Vaa viatu vyenye meno, beba koti la mvua hata kama kumekucha kweupe, na usikatize kihamba cha mtu bila kubisha hodi. Gari la mwisho la kushuka muulize kondakta ukiwa bado unapanda, kwa kuwa jioni magari huwa machache na kiza cha migombani huingia mapema kuliko cha mjini. Na tiketi ya basi ya Desemba kutoka Dar es Salaam kuja huku, kama mzazi wako anataka kuja Krismasi, ikatwe mwezi Novemba, maana wiki hiyo Wachaga wote wanarudi nyumbani.

Msomaji wenu,
Soweto, Moshi