Kipa kuwa kocha wa taifa: mtazameni Badou Zaki

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mtu aliyedaka maisha yake yote anaweza kufundisha timu ya taifa. Anaweza. Nimedaka miaka 11, ndondo na ligi ya mkoa hapa Tanga, na sasa nafundisha vijana.

Mtazame Badou Zaki wa Morocco. Mexico 1986 alikaa langoni mechi nne akafungwa mabao mawili tu, la mwisho faulo aliyopiga Matthäus wa Ujerumani Magharibi mpira ukielekea kuisha. Morocco ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka makundi Kombe la Dunia, naye akawa mchezaji bora wa Afrika mwaka huo. Mwaka 2002 akapewa timu ya taifa, na 2004 akaifikisha fainali ya AFCON baada ya kuipiga Mali 4-0 nusu fainali.

Fainali hiyo, na Tunisia kwao Radès, inaniuma mpaka leo. Ikiwa 1-1, kipa wake Fouhami akautema mpira, Jaziri wa Tunisia akamalizia. Kombe likaponyoka mikononi mwa kipa, na kocha aliyekaa benchi naye ni kipa.

Msimu wangu wa kwanza kufundisha, kijana wangu aliachia krosi nyepesi ikapita katikati ya glavu, tukatolewa. Alikaa chini ameegemea nguzo ya goli, anafuta tope kwenye glavu moja, kidole kwa kidole. Sikumwambia neno, nilikaa naye pale mpaka uwanja ukawa mtupu. Fowadi akikosa matano husahaulika akifunga moja. Kipa hana hilo moja. Mechi iliyofuata nilimwanzisha yeye.

Halafu kuna macho. Dakika 90 uko nyuma ya wote: unaona beki wa kushoto amechelewa kupanda, unaona namba sita, kiungo mkabaji, ameacha uwazi, unawapigia kelele "Panda! Panda!" kabla hatari haijafika. Kufundisha ni kazi ileile, umehamia tu pembeni ya chaki. Ushambuliaji ndio nilijifunza upya, na ulinichukua muda mrefu.

Septemba 2025 nilivuka kwenda uwanja wa Amaan, Zanzibar, Taifa Stars na Niger, kufuzu Kombe la Dunia. Kocha wa Niger alikuwa huyohuyo Zaki. Tukafungwa 1-0 nyumbani kwetu, na kundi lilipoisha Niger walikuwa wa pili nyuma ya Morocco, sisi chini yao.