Jibu: Nauza mahindi Julai kwa bei ya kutupa, Februari nanunua unga. Nifanyeje?

Mkuu, umesema una ekari nne Namtumbo, unavuna vizuri, halafu Februari unaenda dukani kununua unga kama mtu wa mjini. Umeuliza kama mbegu mpya itakuokoa. Mimi nalima upande wa Songea, hukohuko Ruvuma. Ukiongeza magunia bila kubadili namna ya kuuza, utakuwa unamlimia dalali.

Watu wa semina wanapenda kutuambia "msiuze mapema", kana kwamba tunauza kwa kupenda. Julai deni la mbolea limeiva, mtoto anataka nauli ya shule, na yule aliyekukopesha debe moja Januari amekuja kuchukua mawili. Kwa hiyo kabla ya kuwaza ghala, tafuta hela ya Julai. Kwangu ni nguruwe na maharage, pamoja na mkopo mdogo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha kijijini, anaouchukua mke wangu. Hela hiyo ndiyo inayoyapa mahindi nafasi ya kukaa.

Kabla ya kuuza, tenga chakula. Sisi nyumbani tunahesabu gunia moja kwa kila mtu mzima kwa mwaka, na hilo halijadiliwi hata dalali aje na bei gani.

Kuhifadhi nako kuna kazi. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje, ambaye wazee walimpachika jina la Scania, anamaliza kihenge kabla ya Krismasi. Natumia mifuko ya kinga njaa: miwili ya plastiki ndani, kiroba nje, kila mmoja unafungwa peke yake hadi hewa isipite na mdudu afe. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila isipotoboka unairudia. Usiweke mahindi mabichi humo, yataoza. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia punje na chumvi iliyokauka vizuri kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandia kioo, unyevu bado umezidi kama asilimia 15: rudisha mahindi juani, na yaanike kwenye turubai, siyo udongoni. Isipogandia, bado yape jua zaidi kidogo, maana chupa haiwezi kukuonyesha hiyo 13.5. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi yenye unyevu, si hadithi: 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Machi 2021 Kenya ilitufungia mahindi kwa sababu hiyohiyo.

Halafu lumbesa. Gunia ni kilo 100, kama debe sita hivi, lakini huku shambani wanashindilia na kushonea kofia juu, bei ni ya gunia moja. Kikundi chetu kilichanga kikanunua mizani. Madalali walinuna, wakaondoka, wakarudi wenyewe walipoona mzigo wa lori zima uko sehemu moja. Kuzunguka vijiji kuokota gunia mbilimbili kunawala mafuta. Hiyo ndiyo nguvu yenu mkikaa mezani.

Ila usiweke yote ukisubiri bei ipae. 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na walioyalalia yote walikuja kuuza kwa hasara. Mimi natoa kwa mafungu, mengine Oktoba, mengine Januari.

Kama AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iko hai, waulize kama NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, watafungua kituo jirani msimu huu. Wao wananunua kwa kilo na wanakagua unyevu, kwa hiyo peleka yaliyokauka na kupepetwa, la sivyo utalipa nauli ya kwenda na kurudi nayo.