Ndege ikidunda, usiisukume chini

Mara yangu ya kwanza kutua Tanga niliipiga ndege chini mara mbili, mwalimu akanipokonya usukani. Tulikuwa kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kusi limepamba moto. Nawaandikia wadogo zangu mnaojifunza urubani ili yasiwakute yaliyonikuta.

Nilikuwa nimezoea Dar es Salaam, ambako barabara ya kurukia ni ndefu na pana. Ya Tanga ni fupi na nyembamba zaidi, na wembamba huo ndio ulionidanganya. Jicho lililozoea upana, likiona njia nyembamba, hudhani bado uko juu. Basi nikasubiri. Nilipoanza kuinua pua, magurudumu yalikuwa yameshafika chini.

Ndege ikadunda. Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza: kuona lami inaniacha, nikasukuma usukani mbele. Gurudumu la pua likatangulia kugusa. Gurudumu hilo halikuundwa kupokea kishindo. Kazi hiyo ni ya yale mawili ya nyuma. Likipigwa namna ile, mguu wake unaweza kupinda, propela ikakwangua lami, hata ukuta ulio nyuma ya injini ukakunjamana. Mwalimu akasema, "Nashika mimi," akafungua nguvu yote ya injini, tukapaa.

Kwa hiyo, ukidunda sana, usipigane na ardhi. Weka nguvu yote, acha ndege ishike mwendo, punguza flapu, vile vibao vinavyoshushwa nyuma ya mabawa, kidogo kidogo, zunguka uanze upya. Afadhali abiria achelewe dakika 5 hewani kuliko kuumia.

Macho nayo yana mahali pake. Ukikaribia kuinua pua, yahamishe kutoka pale unapotaka kugusa, yapeleke mbali, upande wa mwisho wa njia. Ukitazama lami iliyo mbele ya pua tu, itakupita kasi mno na hutajua uko juu kiasi gani.

Halafu mwendo. Kwa 172 yenye flapu zote, mimi hushuka kwa noti 65 hivi, yaani maili za baharini 65 kwa saa. Kusi likivuma noti 12 na kupanda ghafla hadi 20, naongeza nusu ya tofauti, yaani 4, basi. Wengine huongeza 15 kwa woga; ndege inaelea tu juu ya lami, njia inakwisha, rubani anaishindilia chini kwa nguvu. Kwenye njia fupi, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Na ukitua kwa kishindo, sema. Usiegeshe ukaondoka kimya; anayeruka baada yako hajui ulichokifanya. Siku ile tulimwita fundi kabla ya kuwaza kurudi Dar. Alilala chini ya pua na tochi, akapapasa ribiti, zile pini zinazoshikilia mabati ya ndege, moja moja. Hakuona ufa, lakini hakuridhika. Tukalala Tanga, akakagua tena asubuhi jua lilipotoka.