Je, mwani wa kahawia unaweza kulimwa kwa kamba kama spinosamu?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama tunaolima mwani Unguja. Kottoni, ambayo kama spinosamu ni aina ya mwani mwekundu, inatufia kila maji yanapopata joto, na mnunuzi mmoja ametushauri tuhamie mwani wa kahawia, ambao tunauona umejaa mwambani. Je, tukikata vipande vyake na kuvifunga kwa taitai (vijikamba vya kufungia mwani) kwenye kamba, vitaota?

JIBU: Akina mama, vitarefuka kwa muda, lakini havitawapa shamba. Spinosamu na kottoni ziliweza kuenea Zanzibar tangu kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989 kwa sababu kila kipande kinachokatwa ni mbegu kamili, nacho huendelea kukua bila kuhitaji kuzaa. Mwani wa kahawia mnaouona, ambao kwa sehemu kubwa ni wa jamii ya Sargassum, hauko hivyo. Huo hushika mwamba kwa kitako kinachoweza kudumu mwaka hadi mwaka, na kutoka hapo huchipua matawi ambayo hukua, hukomaa, hutoa mayai, kisha huchakaa na kukatika. Tawi mtakalolifunga kwenye kamba limekwisha kutengana na kitako chake, kwa hiyo likishazaa litaoza, nanyi mtarudi mwambani kukata jingine. Kwa maoni yangu huko si kulima, ni kuvuna mwani pori, na mwani huo ndio maficho ya samaki wachanga.

Mbegu ya kweli hupatikana kwa kuzalisha. Huchukuliwa matawi yaliyokomaa, yenye vijitawi vya uzazi vilivyovimba, yakawekwa kwenye tangi la maji ya bahari yaliyochujwa. Mayai hutoka na kubaki yamenata juu ya vijitawi hivyo hadi yarutubishwe, kisha vichanga hudondoka na kushika kamba au jiwe lenye mikwaruzo lililowekwa chini. Baada ya hapo hulelewa kwa mwanga hafifu na maji safi kwa wiki nyingi kabla ya kupelekwa baharini, ambako samaki aina ya tafi huwala na magugu ya baharini huwafunika. Kazi hii inahitaji kituo chenye pampu, umeme na mtu wa kukaa nacho. Sitawashauri mwianze peke yenu.

Ikiwa mnunuzi alikusudia ule mwani mpana wa kahawia unaolimwa China na Korea, jibu ni fupi zaidi: huo ni wa maji ya baridi, nasi bahari yetu haishuki kiasi hicho hata wakati wa kusi. Mfano ulio karibu nasi kidogo ni mozuku, mwani wa kahawia wa kuliwa wa Okinawa, kusini mwa Japani, unaopandwa kwa kunatisha mbegu kwenye nyavu. Hata huko hutegemea majira ya maji yaliyopoa.

Kuhusu soko, mwani wa kahawia hutoa alginati, ilhali mwani wenu mwekundu hutoa karajinani (zote mbili hutumika viwandani kufanya vitu viwe vizito au vigande), na kiwanda kinachotumia moja hakiwezi tu kupokea nyingine. Nchini India, katika jimbo la Tamil Nadu, viwanda vya alginati vimetegemea Sargassum na Turbinaria, jamii nyingine ya mwani wa kahawia, za kuvunwa mwambani, si za kulimwa. Kwa hiyo mwulizeni mnunuzi huyo, kwa maandishi, anataka aina gani, ikaushwe kwa kiwango gani, na ataipeleka wapi. Akisema ni ya chakula, iwe imepimwa aseniki, ambayo ni sumu, kwanza, kwani hijiki, mwani unaoliwa Japani ambao nao ni Sargassum, wananchi wa Uingereza wameshauriwa na mamlaka yao ya chakula wasiile.

Mkitaka kujaribu, tumieni kamba chache tu kando ya shamba, kwa aina ya hapo hapo, bila kuagiza mbegu ya nje. Mnapokata, acheni kitako na sehemu ya shina mwambani ili uchipue tena. Spinosamu msiiache, na kuhusu kottoni waulizeni wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapo Unguja, juu ya kuihamishia kwenye kamba za kuelea katika maji ya kina, ambako joto halipandi kama kwenye maji machache yanayokupwa.