Canon AE-1 iliyokwama: anza na betri kabla ya kushika bisibisi

Ndugu, umeeleza kwamba umerithi Canon AE-1 ya marehemu baba yako, kwamba mkono wa kuvutia filamu haugeuki hata kidogo, kwamba kitufe cha kupigia kinabonyea bila mlio wowote, na kwamba fundi mmoja amekwambia kamera imekufa na haina kazi tena isipokuwa kung'olewa vipuri. Kidirisha cha hesabu ya picha kinaonyesha 19. Nakuomba usiiuze, na kabla ya jambo lingine lolote, usiulazimishe huo mkono. Mimi niliachiwa kamera ya aina hiyo hiyo na mjomba wangu, aliyekuwa akipiga picha za harusi Tanga, nayo nilipoipokea ilikuwa na dalili hizo hizo unazozitaja. Leo inafanya kazi.

Kwanza elewa kwa nini inakwama. AE-1 ilitoka mwaka 1976 na shata yake, yaani mapazia ya kitambaa yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, huongozwa kwa umeme. Hapo inatofautiana na kamera kama Pentax K1000, ambayo hupiga picha hata bila betri, kwa kuwa betri ya K1000 ni ya kipimo cha mwanga tu. Katika AE-1, unapovuta mkono, springi hukazwa na kufungwa kwa komeo, na komeo hilo huachiwa na sumaku ndogo ya umeme pale unapobonyeza kitufe. Umeme usipokuwepo, komeo halifunguki. Na maadamu shata haijafyatuka, mkono nao hukataa kuvutwa, kwa sababu ulikwisha kuvutwa. Kwa hiyo hayo makosa mawili uliyoyaeleza huenda ni kosa moja, na kinachoonekana kama kukwama ni kamera iliyokazwa tayari, inayosubiri umeme. Anayeulazimisha mkono katika hali hiyo huvunja meno ya gia zilizokuwa nzima kabisa.

Fungua basi kifuniko cha betri, kilicho upande wa mbele pembeni mwa lenzi. Kifungue polepole, kwa kuwa ni cha plastiki na ulimi wake hukatika upesi. Ndicho kipande ninachokiona kimevunjika katika AE-1 nyingi kuliko kingine chochote. Nilipofungua cha mjomba, betri ilikuwa imevuja, na juu ya kibati cha mguso palikuwa na utando wa kijani uliokauka kama magadi. Nilichovya kijiti cha pamba katika siki nyeupe, nikakikamua hadi kikabaki na unyevu tu, nikasugua, nikabadilisha kijiti kila kilipochafuka, kisha nikamalizia kwa spiriti na kuacha pakauke usiku mzima. Kibati kilipoanza kung'aa ndipo nilipoweka betri mpya.

Betri yenyewe ni ya volti 6, namba yake 4LR44. Madukani si rahisi kuipata, lakini fundi saa yeyote anazo LR44, zile za vidonge, na nne zikipangwa moja juu ya nyingine hutoa volti hizo hizo 6. Zifunge kwa karatasi ngumu ili zisichezecheze, kwa sababu ni nyembamba kidogo kuliko betri halisi, na kumbuka kwamba mnara huo ni mfupi kwa milimita tatu na ushee, kwa hiyo kunja karatasi ya alumini iwe kidonge kigumu na ukiweke kwenye ncha moja. Fuata mchoro ulio ndani kuhusu upande wa chanya na hasi. Halafu chungulia kwenye kiona-picha huku ukibonyeza kitufe cheusi cha kupimia betri kilicho juu ya kamera: sindano ikishuka hadi alama ya 5.6 au chini yake, umeme unafika. Hakikisha pia swichi ya kufungia haiko kwenye herufi L. Funika lenzi, kisha bonyeza kitufe cha kupigia. Ya mjomba ilifyatuka papo hapo, baada ya miaka mingi ya kukaa kimya kabatini, na mkono ukageuka kwa ulaini kana kwamba haukuwa na tatizo lolote.

Ikifyatuka au isifyatuke, hatua inayofuata ni kuokoa mkanda wa filamu. Hesabu hurudi mwanzo kila mgongo wa kamera unapofunguliwa, kwa hiyo hiyo 19 inamaanisha mgongo haujafunguliwa tangu picha hizo zipigwe. Haithibitishi kwamba mkanda umo, kwani hesabu husogea hata kamera ikiwa tupu. Ili kujua, zungusha kwa upole kishikio kidogo cha kurudishia filamu kufuata mshale. Kikikaza, mkanda umo. Usifungue mgongo. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kinachoachia gia za filamu, kisha endelea kuzungusha kile kishikio hadi usikie mkanda umechomoka na mzunguko umekuwa mwepesi. Kazi hii haihitaji betri. Usijaribu kumalizia nafasi zilizobaki, maana filamu iliyokaa joto la pwani kwa miaka imekwisha kufifia. Kilicho cha thamani ni kile alichokipiga baba yako. Ikiwa ni ya rangi ya kawaida, ya mchakato wa C-41, maabara zipo zinazosafisha hadi leo. Ikiwa ni ya nyeusi na nyeupe, matumaini ni makubwa zaidi, kwani hiyo hustahimili miaka kuliko ya rangi.

Sasa, ikiwa betri ni nzima na bado kimya, toa lenzi utazame kioo ndani. Kikiwa kimeinuka na kubaki juu, mara nyingi kimenaswa na sponji iliyo mbele yake, ambayo baada ya miongo kadhaa huyeyuka na kunata kama lami. Kishushe kwa ncha ya kijiti cha mbao, ukikigusa ukingoni tu, kisha safisha mabaki ya sponji kwa spiriti kidogo. Usiguse kitambaa cha shata kilicho nyuma ya kioo wala kioo cha ukungu kilicho juu yake. Na tafadhali usipulizie mafuta ya kutu humo ndani. Husambaa hadi kwenye kitambaa, na huo ndio mwisho wa shata.

Kioo kikiwa chini mahali pake, inabaki ile sumaku. Fungua bamba la chini. Skrubu zake ni za mtindo wa Kijapani, na bisibisi ya kawaida ya nyota huzichubua, kwa hiyo tafuta inayokaa sawasawa kabla ya kukaza mkono. Uchafu mdogo sana ukiingia kati ya sumaku na kibati chake unatosha kuizuia isiachie. Mimi hupitisha ukanda mwembamba wa karatasi safi uliolowanishwa kwa spiriti, mara mbili au tatu, bila kukwaruza. Kazi hii ifanye kwa AE-1, ambayo haina flashi ndani. Zile kamera ndogo zenye flashi yake ndani usizifungue ovyo, kwa sababu huhifadhi umeme wa takribani volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Mkanda ukishatoka na shata ikifyatuka, fungua mgongo, elekeza kamera dirishani na upige kwa kila kasi, kuanzia sekunde 2 hadi 1/1000. Kila mara unapaswa kuona mwanga ukipita katika dirisha zima la filamu. Kwenye 1/1000 upande mmoja ukibaki na giza, pazia moja linachelewa, na hapo ndipo panapostahili fundi wa kweli wa kamera. Nipigie picha ya hilo pango la betri kabla hujasafisha, nikuambie kama kibati kinaweza kuokolewa.