Maswali ya Wasomaji: Paa la Kitambaa na Upepo wa Dodoma

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Wazazi wamechanga fedha tufunike uwanja wa mkutano wa asubuhi, mita 12 kwa 12, maana jua linawaumiza watoto. Fundi tuliyempata atasimamisha nguzo nne za urefu sawa, afunge turubai la lori kwenye pembe zote na kulivuta kwa winchi mpaka linyooke kabisa. Shule ya jirani walifanya hivyohivyo. Mwezi wa nane upepo ukalipasua na nguzo moja ikang'oka. Fundi anasema wale hawakulikaza vya kutosha. Ni kweli? *Mwalimu, Chamwino*

Jibu: Si kweli, Mwalimu, na ninakuomba msimamishe kazi hiyo kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Turubai la jirani lilipasuka kwa sababu lilikuwa bapa. Kulikaza zaidi kungeongeza madhara.

Kitambaa kinajua kuvutwa tu. Hakiwezi kusukuma, wala hakibebi mzigo kwa kupinda kama ubao. Chukua kamba ya chuma ya mita 12 yenye mzigo wa kilo 20 kwa kila mita. Ukiiacha ibonyee mita 1.2 katikati, inavutwa kwa nguvu ya kilo 300 hivi. Ikaze mpaka ibonyee sentimita 12 tu, na mzigo uleule unaivuta kwa kilo 3,000. Hapo ndipo pete zinapofunguka na nguzo kung'oka. Kwa hiyo kinachotafutwa ni mkunjo, yaani kubonyea au kuinuka mgongo, na uwe wa pande mbili zinazopingana.

Jaribu na khanga mbele ya kamati ya shule. Watu wanne washike pembe. Wakiivuta zote zikiwa kimo kimoja, itapigapiga kwenye upepo hata wakichoka mikono. Sasa wawili wanaotazamana kwa mshazari wainue pembe zao, wawili wengine washushe, kisha wavute. Itatulia. Kutoka pembe ya juu hadi ya juu kitambaa kimebonyea, na huko ndiko kinakobebea mzigo unaotoka juu. Kutoka pembe ya chini hadi ya chini kimeinuka mgongo, na mgongo huo ndio unaouzuia upepo usikinyanyue. Kila upande unamkaza mwenzake. Kwenye uwanja wako ningeweka pembe mbili mita 5.5 na mbili mita 2.5. Nguzo ndefu ziegemee nje kidogo, kila moja ishikwe na kamba mbili za chuma hadi ardhini, na kamba hizo zizungushiwe uzio ili watoto wasizikimbilie.

Kingo nazo zisinyooke. Ndani ya pindo la kila upande hupita kamba ya chuma inayoingia ndani kwa tao, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi ya urefu wake, yaani mita 1.2 kwako. Waambie wazazi mapema kwamba mita za mraba 144 zitabaki 105 hivi, ili asije mtu akadhani fundi kawaibia kitambaa.

Sasa nifike kwenye upepo, ambao ndio hasa ulionifanya nikujibu kwa kirefu. Sisi wa Dodoma tumezoea kuiogopa mvua. Paa la bati na mbao lina uzito wa kulisaidia kidogo kukaa. Kitambaa cha kazi hii kina kilo moja hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa lako lote halizidi sana kilo 100. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la kilo 55 hivi kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 105: karibu tani 6, na upepo ukiingia chini ya paa hunyanyua. Kasi hiyo nimeichukua kwa hesabu tu. Mhandisi wenu ataweka kasi ya eneo lenu, na kigezo cha umbo, yaani namba ya kuzidisha shinikizo kulingana na umbo la paa. Ila msigawe tani hizo sawasawa kwa pembe nne. Upepo unaponyanyua, mgongo ndio unaokaza, na mgongo unaishia kwenye pembe mbili za chini. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa, na mafundi wengi huzipa msingi mdogo kwa kuwa nguzo zake ni fupi.

Mita moja ya ujazo ya zege ina tani 2.4 tu, na bado kuna mvuto wa kulala, yaani wa kwenda pembeni, unaotaka kuuburuta msingi huo. Kama udongo wenu ni mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, shimo liende chini zaidi na mhandisi auone kwa macho. Fedha za wazazi zikipungua, punguzeni ukubwa wa paa. Msipunguze zege.

Turubai la lori liacheni kwenye lori. Tafuteni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, chenye karatasi ya kiwandani inayotaja nguvu ya mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) na ya mshindio (nyuzi za upana). Kikiwa kizuri kinaweza kufikisha miaka 15 au zaidi hata kwa jua hili. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kibali kiombwe halmashauri. Chini ya paa hilo watasimama watoto.

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nasoma ubunifu wa majengo na niko Nzuguni kwa likizo. Nimevutiwa na mapaa ya hema, lakini sielewi mbunifu anaanzaje kuchora umbo ambalo halina mstari ulionyooka. *Mwanafunzi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Haanzi kwa kuchora. Anaweka pembe na kingo, kisha anaiacha nguvu ya mvutano itafute umbo.

Frei Otto wa Ujerumani alichovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni na kupima utando uliobaki. Utando wa sabuni huvutwa sawa kila upande, kwa hiyo unampa mbunifu umbo ambalo halina sehemu iliyolegea. Kwa njia hiyo na kwa modeli ndogo alifikia banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967, kisha akashiriki kwenye mapaa ya uwanja wa Olimpiki wa München wa 1972. Mapaa ya München ni wavu wa kamba za chuma uliofunikwa vigae vya akriliki, lakini kanuni ni ileile. Siku hizi programu za kompyuta hufanya kazi hiyo. Hata hivyo nunua soksi ndefu za kike sokoni Majengo, pata ubao na pini, uvute kwa mikono yako. Kidole kitakufundisha mahali panapolegea kabla kioo cha kompyuta hakijakuonyesha.

Ugumu wa pili ni kukata. Umbo lililopinda pande mbili halikubali kulazwa bapa, kwa hiyo hugawanywa vipande virefu vyembamba, na kila kipande hukatwa kidogo kuliko kipimo chake kwa sababu kitambaa kitarefuka kikikazwa. Mtande na mshindio havirefuki sawa. Mtande huwa umenyooka zaidi tangu kiwandani. Kiwango cha kupunguza hupatikana kwa kukivuta kipande cha kitambaa hichohicho pande zote mbili kwa pamoja, si kwa kukisia. Vipande vya PVC huunganishwa kwa joto. Cherehani hutoboa matundu, na uzi wa kawaida huliwa na jua.

Ukipata muda, soma kuhusu kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege wa Jeddah, kilichofunguliwa 1981. Kina hema 210, kila moja mita 45 kwa 45, za nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, na mhandisi wake alikuwa Fazlur Khan, mzaliwa wa Bengali. Sehemu za wazi chini ya hema hizo hazina kiyoyozi. Joto hupanda na kutokea kwenye tundu la kileleni, na hewa nyingine huingia pembeni. Nalitaja hili kwa sababu stendi zetu na magulio yetu yana jua la aina hiyo, na ningependa kizazi chenu ndicho kiyafunike.

Swali: Nina mgahawa Area C. Hema langu la nje linatuama maji kila mvua ikinyesha. Jirani anasema nitoboe tundu katikati. Nitoboe? *Mama wa mgahawa*

Jibu: Usitoboe, dada yangu. Mpasuko huanzia hapohapo. Maji yenye kina cha sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Yanakibonyeza kitambaa, shimo linaongezeka, nalo linaita maji mengine, hata mvua ya nusu saa inaweza kuliangusha. Kwa sasa lisukume hema juu kwa ufagio kutoka pembeni ili maji yamwagike, si ukiwa umesimama chini yake, na uwahamishe wateja. Mvua ikikata, mwite fundi ainue nguzo mbili zinazotazamana kwa mshazari walau mita moja zaidi ya nyingine, kisha akaze upya. Kitambaa kilichokwisha kutanuka katikati hakirudi. Hicho kikatwe na kuunganishwa upya kwa joto, na kazi hiyo iishe kabla ya mvua za Desemba.