Muulize Mwalimu: Nikariri insha ngapi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka sita wodini, na nataka kujisajili nikafanye kazi Uingereza. Nimefanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS mara mbili. Kusikiliza, kusoma na kuongea nimefikisha 7, lakini kuandika nimepata 5.5 mara zote mbili, na grafu ya kazi ya kwanza inanila nusu saa. Nimeshakariri insha 30 za mfano. Niongeze? Nakutumia moja niliyoiandika nyumbani.
Muuguzi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata moja, na hizo 30 zisahau kama utaweza.

Insha yako nimeisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi (miaka ya chaki haimtoki mtu). Ina maneno 412. Themanini na tatu ya mwanzo yanasema dunia inabadilika kwa kasi. Swali liliuliza kama wazee watunzwe na familia au na serikali. Jibu lako nimelikuta aya ya nne, nako unasema kila upande una mazuri yake. Kwetu huo ni uungwana, hutaki kumkwaza mtu. Kwa msahihishaji ni kuzunguka mbuyu. Swali likitaka maoni yako, sema upande wako aya ya kwanza, kisha usiuache hadi mwisho.

Na hicho Kiingereza cha kukariri kinajulikana mara moja. Sentensi moja inang'aa, inayofuata inachechemea. Msahihishaji anajua mshono uko wapi.

Lakini aya yako ya tano! Bibi aliyevunjika nyonga, wanawe wakapokezana kumletea uji, halafu wiki ya tatu akabaki mmoja tu. Pale hukuwa umekariri. Maneno mepesi, hoja imesimama: familia inachoka, serikali imsaidie huyo aliyebaki. Mfano kutoka kazini kwako unaruhusiwa kabisa, swali lenyewe huomba mifano ya mambo unayoyajua au uliyoyapitia. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

Sasa saa. Una dakika 60 kwa kazi mbili. Ya kwanza, ya kueleza grafu, inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili, yaani insha, 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili. Umeniambia grafu inakula nusu saa yako. Anza na insha, uipe dakika 40: tano za kupanga hoja mbili, tano za kusoma ulichoandika. Maneno 412 hayakuongezei kitu, yanakuongezea makosa.

Ukisoma tena, usitafute kila kosa. Tafuta mawili. La kwanza ni "the", ambayo Kiswahili hakina, nawe umeiruka mara kumi na moja. La pili limenichekesha: bibi wa watu umemwita "he" mara tatu. "Yeye" wetu hachagui mwanamume wala mwanamke, basi mkono unapitiwa.

Baraza la wauguzi la Uingereza linataka 6.5 kwenye kuandika, si 7 kama sehemu nyingine. Alama unayoitafuta ni moja tu.

Jumamosi weka simu mbali, tega saa dakika 40, ujibu swali lilelile upya kwa maneno 280 hivi. Nitumie jibu kama lilivyo, bila kumpa mtu alisahihishe kwanza. Na bibi yule awe "she".